Magurudumu Madogo kwa Majira ya Theluji



Safu ya juma hili twaiandika kwa idhini ya watu wawili: dada yetu, na binti yake aliyeko Ujerumani. Twaiandika pia kwa haya, kwani ndani yake mna kosa letu. Desturi ya safu hii ni kuwausia wengine. Leo tutaanza na nafsi yetu.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, mpwa wetu huyo alimtumia mamake ujumbe kwamba mchango wake wa harusi ya mdogo wake ungechelewa. Sababu aliitaja kwa maneno machache: ilimlazimu anunue rimu nne na matairi manne kabla baridi haijaingia. Dada yetu aliposoma alistaajabu. Gari la binti yake sote tulikuwa tumeliona pichani: Golf ya mwaka 2016, rangi ya kijivu, yenye rimu za inchi 17 zinazong'aa na matairi ambayo meno yake yangali marefu. Kilichozidi kumshangaza ni kwamba rimu alizotaka kununua zilikuwa ndogo kuliko zile alizokuwa nazo. Inchi 15, tena za chuma cheusi kisichong'aa.

Huku kwetu Mombasa, mtu anayebadilisha rimu ilhali za kwanza ni nzima twamjua ni nani. Aghalabu ni kijana mwenye gari lake la kwanza, ataka lionekane linapopita barabarani, na huweka rimu kubwa, si ndogo. Kwa hiyo dada yetu alipotuletea simu yake tusome ujumbe ule, sisi tuliona mambo mawili: anasa, na anasa isiyo na akili. Tukachukua simu yetu tukamwandikia binti: "Mwanangu, gari lina matairi mazima. Mambo ya kupendeza yana wakati wake. Tanguliza haja ya nduguyo, na hayo mengine yatafuata, Mungu akijaalia."

Akajibu, "Sawa, Mjomba. Nimesikia."

Hakubishana. Ndivyo alivyolelewa. Siku ya pili zikaingia euro 520, ambazo kwa shilingi zetu wakati ule zilikuwa takriban 75,000. Ukumbi wa siku ya kupamba ukalipiwa, jukwaa likapambwa, na wanawake wa mtaa wakasema hawajaona upambaji kama ule. Hatukujua kwamba fedha zile zilikuwa ndizo za matairi.

Asubuhi ya jalidi

Mpwa wetu ni muuguzi katika mji wa Kassel, katikati ya Ujerumani, mji wenye vilima na miteremko. Zamu yake ya usiku humalizika alfajiri, na wakati huo mabasi ya kuelekea anakoishi ni machache. Ndiyo maana alijinyima akanunua gari. Kabla ya kuliendesha ilimbidi afanye upya mtihani wa udereva, kwani leseni ya Kenya hutumika kule miezi 6 tu baada ya mtu kuhamia. Hivyo basi si dereva mzembe. Sheria zao amezisoma na kutahiniwa kwa lugha yao.

Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi ule ule wa Oktoba alitoka kazini. Theluji ilikuwa bado haijaanguka. Mbingu ilikuwa safi, nyota zaonekana, na barabara ilimetameta kama iliyomwagiwa maji. Hayakuwa maji bali jalidi, yaani umande ulioganda usiku ukawa utando mwembamba wa barafu. Aliteremka kilima polepole, na alipokaribia kivuko cha waendao kwa miguu akakanyaga breki. Breki zilifanya kazi. Magurudumu yalipunguza mwendo kama yatakiwavyo. Lakini gari halikusimama. Lilikwenda mbele kwa utulivu, kama sahani iliyosukumwa juu ya meza, likapita kivuko, likaparamia ukingo wa barabara kwa gurudumu la mbele la kulia. Tairi likapasuka na ile rimu nzuri ikapinda.

Kivukoni hapakuwa na mtu. Baada ya muda usiofika nusu saa, watoto wa shule huanza kupita hapo.

Yeye mwenyewe hakuumia, alhamdulillahi. Alikaa garini akitetemeka mpaka mpita njia alipomgongea kioo. Kisha akatuandikia sisi, si mamake: "Mjomba, nimeteleza. Niko salama. Tafadhali usimwambie mama mpaka harusi ipite." Hakutaja matairi. Hakukumbusha ujumbe wetu. Laiti angetulaumu, ingetupunguzia uzito.

Usiku ule tulimpigia simu, tukamwomba atufundishe kile ambacho tungalikiuliza kabla ya kuamua. Na siku iliyofuata tulikwenda kwa fundi wa matairi mtaani kwetu, tukakaa juu ya tairi kuukuu mbele ya kibanda chake, tukamwomba atusomee nambari zilizo ubavuni mwa tairi. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza kutoka kwa wawili hao, na twayaandika kwa sababu nyumba nyingi za pwani sasa zina mtoto katika nchi za baridi. Mnamo Septemba 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mapatano ya kuwawezesha wafanyakazi wetu kwenda huko, na wauguzi ni miongoni mwa wanaotafutwa. Yaliyompata mpwa wetu yaweza kumfikia mtoto wa msomaji yeyote.

Kwa nini tairi zima halikushika

Sisi tulidhani tairi ni tairi, na kwamba ubaya wake ni kuwa kipara tu. Sivyo. Mpira wa tairi la majira ya joto umetengenezwa uwe mgumu ili usilainike na kuisha upesi juu ya lami yenye moto. Baridi inapozidi, mpira huo hukakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki barabara. Mafundi wa kule wana kipimo chao cha mkono: hewa ikishuka chini ya nyuzi 7, wakati wa kubadilisha umefika. Wala wao hawangoji theluji. Wana msemo wa kukumbushana kwamba matairi ya baridi hukaa garini kuanzia Oktoba hadi Pasaka, na kwa kuwa katika lugha yao maneno hayo mawili yote huanza kwa herufi O, hakuna anayeusahau.

Tairi la baridi nalo hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini hata katika baridi kali, na meno yake yamechanjwa nyufa nyembamba nyingi, zinazofunguka na kung'ata theluji tairi linapozunguka. Ubavuni lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo ndiyo inayotazamwa na sheria. Tangu mwaka 2010 Ujerumani imekataza waziwazi kuendesha gari bila matairi ya namna hiyo barabara inapokuwa na barafu, theluji au jalidi, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tairi lisilo na alama ya mlima halihesabiwi kuwa la baridi. Anayekamatwa hutozwa euro 60 na kuandikiwa alama moja ya makosa katika daftari la madereva. Akisababisha ajali, bima yake yaweza kupunguza malipo kwa hoja ya uzembe. Basi binti wetu alipoandika neno "lazima", alikuwa akitumia neno hilo kwa maana yake. Sisi ndio tulioligeuza likawa "natamani".

Kwa nini madogo

Lililobaki kutushangaza lilikuwa hilo la udogo. Kwa nini ashuke kutoka inchi 17 hadi inchi 15?

Hapa fundi wetu alichukua chaki akaandika chini. Matairi ya binti yalikuwa na nambari 225/45R17. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, si kwa milimita bali kwa sehemu ya mia ya ule upana. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sisi tuliozoea hesabu za mirathi hatukuona taabu. Ubavu ni 45 kwa mia ya 225, yaani milimita 101. Rimu ya inchi 17 ni milimita 432. Ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini, utapata gurudumu lenye kimo cha milimita 634.

Kisha akaandika nambari za matairi aliyotaka kununua: 195/65R15. Ubavu ni 65 kwa mia ya 195, yaani milimita 127. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumlisha kama kwanza, utapata milimita 635. Tofauti haifiki hata unene wa ukucha. Kumbe gurudumu zima halipungui kimo! Kinachopungua ni chuma cha katikati, na mpira unaongezeka kukizunguka. Gari halishuki chini, na saa ya mwendo haisemi uongo.

Katika mabadiliko hayo mna faida nne. Ya kwanza ni bei. Tairi la inchi 15 lina wanunuzi wengi na mpira wake si mpana, kwa hiyo ni rahisi kuliko la inchi 17. Dukani alikotajiwa mpwa wetu, seti nzima ya inchi 15, rimu na matairi pamoja, ilikuwa euro 520, ilhali ya inchi 17 ilikaribia maradufu.

Ya pili ni ubavu mrefu. Theluji huficha mashimo na kingo za barabara, na ubavu mrefu wa mpira hupokea kishindo kabla hakijaifikia rimu. Laiti asubuhi ile gari lingekuwa na ubavu wa milimita 127 badala ya 101, pengine rimu isingepinda.

Ya tatu ni wembamba. Uzito wa gari ni ule ule, lakini unapokaa juu ya ukanda mwembamba zaidi hukandamiza kwa nguvu zaidi. Tairi jembamba hukata theluji laini na uji wa theluji iliyoyeyuka hadi likafika chini penye ugumu, hali tairi pana huelea juu. Haki ni kusema kwamba juu ya barafu tupu wembamba hausaidii sana. Hapo kinachofaa ni ule mpira laini, zile nyufa zake, na dereva aendaye polepole.

Ya nne ni chumvi. Kule barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Watu wa pwani hatuna haja ya kuambiwa chumvi inafanya nini. Twayaona mabati yetu na madirisha yetu. Rimu ya chuma cheusi hununuliwa kwa bei ndogo, ikwaruzwe, iliwe na chumvi, na mwenyewe asisikitike. Zile za kung'aa hukaa sandukuni zikingoja jua.

Lipo pia la kupoteza, na si haki kulificha. Ubavu mrefu hupinda kidogo katika kona, kwa hiyo gari halitii usukani kwa wepesi ule ule. Na haliwi zuri. Mpwa wetu alitwambia akicheka kwamba gari lake sasa limevaa makubadhi.

Tulipofika hapo, tulikumbuka kitu ambacho tulikijua tangu utotoni. Wazee wetu wa majahazi hawakusafiri na tanga moja. Walikuwa na tanga kubwa la pepo za upole na tanga dogo la pepo kali, na kusi lilipovuma kwa nguvu nahodha aliagiza dogo litwekwe. Hakuna aliyemcheka kwamba chombo chake kimekuwa kinyonge. Waliomcheka nahodha walimcheka yule aliyeng'ang'ania kubwa. Binti wa pwani alikuwa akifanya kule Kassel jambo ambalo babu zake walilifanya katika bahari hii, na sisi tunaojigamba kwa hekima ya wazee hatukulitambua.

Yatakiwayo kuangaliwa

Ikiwa una mtoto, ndugu au mume katika nchi hizo, usidhani kwamba rimu yoyote ndogo itafaa. Mambo haya yaangaliwe kabla ya kulipa.

Kwanza, breki. Ndani ya rimu mna sahani ya breki na kalipa lake. Golf ile ile yenye injini kubwa ina sahani pana ambazo rimu ya inchi 15 haiwezi kuzifunika. Ile ya mpwa wetu ina injini ndogo, na hati ya kiwanda inayokuja na gari imeorodhesha inchi 15 kuwa halali. Hati hiyo isomwe kwanza. Isiyoorodheshwa humo isinunuliwe kwa maneno ya muuzaji pekee.

Pili, matundu. Golf hiyo hufungwa kwa bolti tano zilizopangwa katika duara la milimita 112, na tundu la katikati ni milimita 57.1. Rimu ya gari jingine yaweza kufanana kwa macho na isilingane. Hata kichwa cha bolti kina umbo lake: kuna kilichoviringana kama mpira na kuna kilichochongoka kama pia. Bolti isiyolingana na tundu lake huonekana imekaza, kumbe imeshika kwa ncha tu, na baada ya safari hulegea.

Tatu, uzito na mwendo. Baada ya nambari za kipimo hufuata nambari ya uzito na herufi ya mwendo. Kwa gari la mpwa wetu nambari ni 91, maana yake kila tairi huhimili kilo 615, na tairi jipya lisiwe chini ya hapo. Herufi ya mwendo yaweza kushuka kwa matairi ya baridi. T, kwa mfano, ni kilomita 190 kwa saa. Ikiwa gari lenyewe laweza kupita kasi hiyo, sheria ya huko yataka kibandiko cha kumkumbusha dereva kikae mahali anapokiona.

Nne, umri. Ubavuni mna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 3821 ni juma la 38 la mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala ghalani. Na meno yakishapungua kufikia milimita 4, mafundi wa kule hushauri tairi la baridi libadilishwe, ijapokuwa sheria inaruhusu hadi milimita 1.6.

Tano, kufunga. Faida ya kuwa na rimu za pili ni kwamba tairi halitolewi katika rimu kila msimu. Gurudumu zima hutoka na jingine huingia, kazi isiyozidi saa moja. Bolti hulegezwa kidogo kabla ya jeki kuinua gari, kisha hukazwa kwa zamu ya msalaba, si kwa kuzunguka. Kwa Golf hiyo hukazwa kwa spana ya kipimo hadi nyutoni-mita 120, na baada ya kilomita 50 hivi hukaguliwa tena. Upepo nao hupimwa, na ile taa ya onyo la upepo hupangwa upya.

Kwa asiye na mahali pa kuweka seti ya pili, yapo matairi ya misimu yote yenye alama ile ya mlima, na sheria huyakubali. Hayafikii ubora wa la baridi wakati wa baridi wala wa la joto wakati wa joto, lakini kwa mwenda polepole katika mji usio na theluji nyingi huwa ni njia ya kati.

Na kwa sisi tulio huku, neno moja. Ukienda kununua matairi ya mitumba, uyaone meno yake marefu na bei yake ya kuvutia, tazama ubavuni. Ukiiona alama ya mlima na chembe ya theluji, liache. Mpira wake ni laini, haukuumbiwa lami ya Mombasa wakati wa kaskazi. Utaisha upesi na breki hazitashika unavyotarajia. Jambo ni lile lile tulilojifunza kwa gharama: tairi huwa zuri mahali pake.

Neno kwa walio nyumbani

Wazee walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Aghalabu twamwambia methali hiyo kijana anayeiga wengine. Mara hii sisi wazee ndio tuliotaka binti asafiri kwa nyota yetu, akiwa katika bahari ambayo hatujapata kuiona. Tulipima haja yake kwa hali ya hewa ya Mombasa. Na kwa kuwa alitupa heshima, alitii, na utii wake nusura umgharimu.

Watoto wetu walio ughaibuni wengi hawasemi "siwezi". Husema "sawa, mama", kisha hukata mahali ambapo sisi hatuoni. Mmoja hukata chakula, mwingine hukata joto la nyumba, na mwingine huahirisha matairi. Fedha zinapofika kwetu hazina alama ya mahali zilipokatwa. Hatusemi kwamba tusiombe; kusaidiana ni ada njema na harusi ya nduguye ni furaha yake pia. Twasema tuulize kabla ya kuomba, na tunapojibiwa tusikie. Swali lenyewe si gumu: "Mwanangu, baridi inakuja. Umeshajitayarisha? Bado una nini cha kununua?" Mama akiuliza hivyo mwezi wa Septemba, atakuwa amempa binti yake ruhusa ya kusema kweli.

Na ikiwa nyumbani kuna kijana mjuzi wa magari, mwacheni aitwe kikaoni. Siku ile fundi wetu alipotuandikia nambari kwa chaki, tuligundua kwamba mtu wa kutuzuia tusikosee alikuwa hatua mia moja kutoka barazani petu, na hatukumwuliza kwa sababu tulijiona tumeshajua.

Sisi tulimwomba radhi mpwa wetu, kwanza kwa simu, na leo kwa maandishi. Alijibu kama kawaida yake, "Usijali, Mjomba." Tumejali. Harusi ilipokwisha tulimweleza dada yetu yote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza jambo moja tu: ule upambaji uligharimu kiasi gani? Aliposikia ni karibu sawa na magurudumu manne, akafunika uso kwa upindo wa leso yake.

Juma lile lile familia ilikaa. Wajomba wawili, ahali yetu na bwana harusi mwenyewe walichanga, na fedha zikaenda upande ambao hazijazoea kwenda: kutoka Mombasa hadi Kassel. Binti alikataa mara mbili. Mara ya tatu mamake akamwambia kwamba hiyo si hisani bali ni deni, naye akapokea. Siku ya Jumamosi akatutumia picha: gari la kijivu lenye rimu nyeusi za chuma na matairi manene, limesimama uwanjani, na nyuma yake theluji ya kwanza imefunika paa za nyumba. Lilikuwa, kusema kweli, gari lisilopendeza. Dada yetu aliiangalia picha ile kwa muda mrefu kuliko picha yoyote ya harusi.

Mwaka huu Oktoba inakaribia tena. Juzi tulimsikia dada yetu akizungumza na binti yake kwa simu ukumbini. Baada ya salamu, na kabla ya habari nyingine yoyote, alimwuliza: "Yale madogo umeshayafunga?"